Kwa nini jumba la tajiri lina vyumba vyembamba: boriti, chokaa na majumba ya mawe ya Bagamoyo

Ingia katika jumba lolote la mawe lililobaki Bagamoyo, panda ghorofani, kisha pima upana wa chumba kwa futi kamba. Utapata mita mbili na nusu, pengine tatu kasoro. Urefu wa chumba hichohicho unaweza kufika mita nane au kumi, na ukuta wake kuwa na unene wa nusu mita na ushei. Mwenye nyumba alikuwa na pembe za ndovu ghalani, mashua baharini na watumishi uani, lakini sebule ya mraba hakuwa nayo. Ukikuta chumba chenye upana wa mita nne au tano, tazama juu kabla ya kushangaa: utaona mhimili wa chuma au nguzo ya katikati, au utagundua kwamba dari yote imejengwa upya.

Jibu liko kwenye boriti. Karibu kila kitu katika jumba la kifahari la pwani, kuanzia ramani yake hadi mahali mwenyewe alipoonyesha utajiri wake, kimetokana na urefu wa mti mmoja wa mkoko.

Wakataji wa mikoko hupanga miti yao kwa unene. Nyembamba kabisa ni fito, zikifuatiwa na pau, kisha mazio, halafu boriti, na baada ya hapo nguzo. Boriti ina kipenyo cha kama sentimita 11 hadi 14. Nyingi zilitoka delta ya Rufiji, zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yalizipeleka hadi Arabuni na Ghuba, ambako nyumba za zamani nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Mkoko ni mti mgumu, wenye tanini nyingi inayowakera mchwa, lakini ukitafuta mmoja ulionyooka kwa zaidi ya mita tatu na nusu huku unene wake ukiwa uleule pande zote mbili, utatafuta sana.

Tuseme umeupata. Bado hesabu inakukataa. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, kupinda kwa boriti hakuongezeki sawasawa na urefu wake. Urefu ukiongezeka mara mbili, kupinda huongezeka mara kumi na sita. Ukitoka mita mbili na nusu kwenda tatu na nusu tu, boriti ileile itapinda karibu mara nne zaidi. Na mzigo wenyewe si wa kitoto, maana juu ya boriti kuna tabaka la mawe na chokaa lenye unene wa sentimita 30 hivi. Kila mita ya mraba hubeba karibu nusu tani kabla hujatandika hata mkeka. Ndiyo sababu boriti hupangwa karibu karibu, kama sentimita 30 hadi 35 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Chumba cha urefu wa mita kumi hula korija moja na nusu.

Upana ukishapangwa na mti, fundi hana njia ila kuendelea kwa urefu. Jumba hujengwa kwa vyumba virefu vinavyolala sambamba, ukuta hadi ukuta, vikizunguka ua. Tajiri akitaka nyumba kubwa zaidi haongezi upana wa chumba; anaongeza safu nyingine ya vyumba, na pale anapotaka nafasi iendelee anatoboa ukuta wa kati na kuweka matao. Matao hayo watu huyaona kama pambo. Kazi yake ya kwanza ni kubeba ncha za boriti za pande mbili mahali ambapo ukuta umeondolewa.

Mfano mzuri ni Ngome Kongwe. Jina linadanganya kidogo, kwa sababu jengo hilo lilianza kama makazi ya tajiri wa Kiarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, karibu mwaka 1860. Baadaye likaingia mikononi mwa Sultani Barghash wa Zanzibar, kisha Wajerumani wakaligeuza la kijeshi. Kuligeuza nyumba kuwa ngome hakukuhitaji kazi kubwa, maana nyumba ya mwungwana wa Kiarabu tayari imegeuzia mgongo barabara: kuta nene, mlango mkuu mmoja, madirisha machache chini, na maisha yote yakielekea ndani, kwenye ua.

Mpangilio huo una mantiki yake. Nje kuna baraza ya mawe iliyoshikamana na ukuta, ambapo mgeni wa kawaida huishia: kahawa, salamu, mazungumzo ya bei. Anayekaribishwa zaidi hupita mlango na kuingia ukumbini. Mara nyingi ukumbi una kona, ili aliyesimama mlangoni asione uani. Vyumba vya chini vilikuwa maghala ya pembe, sandarusi (utomvu mgumu wa miti), marobota ya merikani (kitambaa cha pamba) na shanga. Familia iliishi juu, ambako upepo wa bahari unafika na harufu ya ghala haifiki. Nyumba za Wahindi ni habari nyingine: duka liko mbele na hufunguka barabarani, na juu yake kuna roshani ya mbao iliyokatwa nakshi. Mtaa mmoja wa Bagamoyo unaweza kuwa na aina zote mbili zikitazamana, na usipojua tofauti hii utadhani moja ni nyumba na nyingine ni boma.

Sasa ukuta. Jiwe lake ni matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu: jepesi, limejaa matundu, halina umbo. Fundi hujenga nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati hujaza vipande, chokaa na udongo mwekundu. Kila baada ya kimo fulani huweka jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi mwingine ili kuzifunga. Fundi akiyabania mawe hayo, miaka mingi baadaye ukuta huvimba tumbo, kwa kuwa nyuso mbili zimeachana na kilichomo ndani kinashuka kwa uzito wake. Timazi itakuonyesha hilo mapema kuliko jicho. Kwa kazi nyembamba, kama viunzi vya milango na mihrabu za misikiti ya zamani pwani, walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini. Hayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Leo kuyachimba baharini ni kosa, na mkarabati hana haja nayo.

Kinachoyashika mawe hayo ni chokaa, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende taratibu. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, la mviringo, na kuchomwa. Joto likifika kama nyuzi 900, hewa ya ukaa hutoka ndani ya jiwe na kuacha chokaa hai. Hiyo ni kali na huunguza ngozi. Huzimwa kwa maji, ikachemka na kuvimba, kisha ikachekechwa na kulazwa shimoni ikiwa na unyevu. Wiki tatu ndizo chache kabisa. Miezi mitatu ni bora. Punje ambazo hazijazimika vizuri zikiingia kwenye plasta, zitakuja kuzimika zikiwa ukutani, na kila moja itavimba na kuruka ikiacha kishimo. Ukiona plasta mpya ya chokaa imejaa vishimo vya ukubwa wa punje ya mtama, mtu aliharakisha.

Kwa kujengea, kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimoni. Wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, na ndio unaoua kuta, kwa kuwa chumvi yake hunyonya unyevu, huyeyuka wakati wa masika na kuganda tena kiangazi, na kila inapoganda husukuma plasta itoke. Chokaa haigandi kwa kukauka kama wengi wanavyodhani. Hukomaa kwa kunyonya tena hewa ya ukaa iliyoipoteza tanuuni, na kwa hilo inahitaji unyevu kidogo. Ukomavu huingia ndani polepole mno, kama milimita moja kwa mwezi. Plasta ya chokaa ikiachwa juani siku ya kwanza hukauka kabla ya kukomaa na kubaki unga. Fundi anayejua hutundika magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyanyunyizia maji kwa wiki nzima.

Juu ya boriti hufuata sakafu, na sakafu ya kweli ni kazi ya watu wengi. Mawe bapa ya matumbawe hulazwa kutoka boriti hadi boriti, kisha humwagwa kokoto za matumbawe zilizochanganywa na chokaa. Wapigaji, mara nyingi wanawake, huketi au husimama kwa safu na kuitwanga kwa vipande vya mti, kwa nyimbo, siku baada ya siku, hadi maji yapande juu na uso ushikane. Kutwanga huko kunatoa hewa na kuziba matundu. Paa la juu kabisa hujengwa vivyo hivyo, ila huwekwa mwinamo mdogo, kama sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye milizamu inayotoboa ukingo na kumwaga maji mbali na ukuta. Mlizamu mmoja ukiziba kwa majani ya mwarobaini, paa hugeuka bwawa, na maji hutafuta njia yake penye udhaifu, yaani pale ncha za boriti zinapoingia ukutani.

Chumba kikiwa hakipanuki, fedha ilikwenda wapi? Kwanza juu: kimo cha mita nne si cha ajabu, na joto hupanda huko. Kisha mlangoni. Mlango wa kuchonga ulitengenezwa kwa mfenesi au kwa msaji uliotoka Bara Hindi, ukiwa na mabawa mawili, na mfaa ukiziba pale yanapokutana. Mabawa ya zamani hayana bawaba. Yamechongwa ncha juu na chini, zikazunguka ndani ya matundu ya kizingiti. Ncha ya chini ikilika, bawa linashuka na kuanza kukwaruza sakafu, na watu hukata mbao kwa randa badala ya kutia kipande kipya cha mti mgumu kwenye ncha. Wakishaifanya hivyo mara mbili, mlango wa karne umekuwa mfupi kwa sentimita tatu. Upande wa juu, milango ya mtindo wa Kiarabu ni ya mraba. Ile yenye tao imekuja na athari za Kihindi. Mapambo ya samaki, mnyororo, mtende na yungiyungi yana maelezo mengi siku hizi, kila mwongozaji wa watalii na lake. Misumari ya shaba yenye ncha iliyochomoza hudaiwa kuzuia ndovu. Huko Bara Hindi wazo hilo lina historia, ila Bagamoyo ndovu walifika wakiwa pembe tu.

Ndani, ukuta mnene ukawa kabati. Mashubaka yalichongwa katika unene wa ukuta, yakiwa na tao dogo juu, ya kuwekea taa, Kurani, mabakuli na sahani za China. Kupenda vyombo vya China si jambo la karne ya 19 peke yake, kwani hata makaburi ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, yalipambwa kwa vyombo hivyo karne nyingi kabla. Kando ya ukuta mrefu vilipangwa viti vya enzi vya mpingo, makasha yenye misumari ya shaba, vioo vikubwa, saa za ukutani, na kitanda cha samadari kirefu hata kupandwa kwa kigoda. Angalia jinsi vitu hivi vyote vinavyokaa ukingoni. Chumba cha mita mbili na nusu hakina katikati. Meza kubwa ya kulia chakula ndani yake hufunga njia, na ndiyo sababu hoteli zinazojaribu kuziweka huishia kubomoa ukuta.

Madirisha ya ghorofani nayo yana tabia yao: mengi huanzia karibu kabisa na sakafu, ili aliyeketi mkekani apate upepo. Mgeni aliyezoea viti hulichukulia dirisha la namna hiyo kuwa mlango. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, kwenye karamu ya Wajerumani hapo Bagamoyo ya kuupokea msafara wa mpelelezi Stanley, Emin Pasha, gavana wa zamani wa jimbo la Ikweta huko Sudan aliyefika na msafara huo na aliyekuwa haoni vizuri, alianguka kutoka dirisha la juu na kuvunjika fuvu. Alipona. Nondo za mlalo unazoziona leo kwenye madirisha kama hayo si urembo.

Mpangilio huu wote wa boriti na chokaa ulianza kubadilika mwishoni mwa karne ya 19. Barghash alipojenga Beit al-Ajaib Zanzibar mwaka 1883, alitumia nguzo za chuma cha kuyeyusha na mihimili ya chuma, na kasri la pwani likapata kumbi pana na veranda zinazozunguka pande zote. Wajerumani nao, katika majengo yao ya pwani, walipendelea mihimili ya chuma iliyofunikwa zege. Upana ukapatikana, na ugonjwa mpya ukaja nao. Chuma kikipata maji na chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hupasua zege na mawe yanayokizunguka. Boriti inayooza hupinda na kutoa vumbi muda mrefu kabla ya kuanguka. Mhimili wa chuma uliofichwa ndani ya dari unaweza kuliwa kimyakimya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa.

Nyumba za Bagamoyo, kwa sehemu kubwa, haziuawi na chuma bali na saruji. Ukuta wa matumbawe hauna kizuizi cha maji chini. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake, hufika kimo cha goti au kiuno, kisha hutoka nje kupitia plasta ya chokaa na kukaushwa na upepo. Akaja mtu akaona plasta inamomonyoka pale chini, akaibandua na kupiga plasta ya saruji. Kwa misimu miwili ukuta unapendeza. Maji hayana tena pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, hadi kifuani, hadi kwenye ncha za boriti. Saruji ngumu haipindi pamoja na ukuta laini; inapasuka nyufa nyembamba, mvua inaingia kwa nyufa na kunaswa nyuma yake. Ukigonga plasta hiyo kwa kidole inalia tupu. Rangi ya mafuta hufanya madhara hayohayo, polepole kidogo tu.

Anayetaka kukarabati na aanze juu. Kwanza aombe kibali, maana majengo haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kisha afungue milizamu na kuziba paa. Ang'oe miti midogo, hasa mikuyu inayopandwa na ndege kwenye kingo; ikikatwa juu tu, mizizi huendelea kunenepa ukutani. Baada ya hapo boriti. Chukua bisibisi na kuichoma kila boriti pale inapoingia ukutani, pande zote mbili, kwa sababu katikati inaweza kuwa ngumu kama chuma ilhali ncha imekuwa sponji. Ikizama zaidi ya sentimita moja, boriti hiyo ihesabiwe ya kutoka. Usisahau boriti fupi zilizolala juu ya milango na madirisha ndani ya ukuta. Hizo hazionekani na ndizo zinazoleta ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha.

Kubadilisha hufanywa moja moja. Weka mirunda na ubao chini ya boriti za jirani, kaza kwa kabari mpaka ziguse tu, bila kuinua sakafu. Ukiinua hata sentimita moja, sakafu ya chokaa inapasuka. Boriti mpya iwe imebanduliwa magome na kukauka kivulini kwa miezi kadhaa. Ikilazwa mbichi, itasinyaa na kuacha mwanya chini ya mawe. Kila ncha ikae angalau sentimita 15 ndani ya ukuta, na kuizunguka iachwe nafasi ya kupumua badala ya kuzikwa kabisa kwenye chokaa. Mikoko huvunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo oda itolewe kabla jukwaa halijasimamishwa. Mafundi wasio na subira huweka nondo na kumimina zege juu ya boriti zilizobaki, na hapo wameongeza uzito mkubwa juu ya miti ileile iliyokwisha kuchoka.

Plasta ni ya mwisho kabisa. Bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa sururu, kisha uache ukuta wazi angalau kiangazi kizima. Chumvi itatoka kama unga mweupe. Ifagie kwa brashi kavu na uichukue mbali, usiioshe kwa maji yakairudisha ndani. Halafu loanisha ukuta na kupiga chokaa mikono mitatu: ya kwanza ya kurusha kwa mwiko, kama milimita kumi, ya pili ya kusawazisha, kiasi hichohicho, ya tatu laini, milimita tatu tu. Kila mkono usubiri uliotangulia ushike, siku kadhaa hadi wiki. Mwisho paka chokaa nyepesi iliyochujwa kwa kitambaa, mikono mitano au sita myembamba kama maziwa. Mkono mmoja mzito utabanduka kabla ya vuli.